Barua ya Maua kwa Amisa Asiyeona

Kasongo. Jumamosi, 4 Shaaban 1303
Nimeamua. Nitamwoa Amisa, la sivyo nihamie Nyangwe nikavue samaki! Haoni tangu ndui ya utotoni, lakini kwa kusuka mikeka hana mpinzani, na akicheka nasahau nilikokuwa naenda. Leo nimemwamkia kwa sauti ya kuita mtumbwi ng'ambo. Akaniambia kwa upole kwamba macho ndiyo yaliyokufa, masikio ni mazima. Aibu! Nikamgeukia mama yake, nikauliza kama binti hajambo. Binti akajibu mwenyewe: hajambo, na yuko hapa hapa.

Jumapili, 5
Nimepata shauri. Barua! Nani Kasongo ana mwandiko kama wangu? Nimeharibu karatasi tatu. Ya nne, mashallah! Pembeni nimetia maua kwa wino mzito mwekundu. Amisa akiiona tu, kwisha.

Jumanne, 7
Balaa. Nyumbani kwao hakuna ajuaye kusoma. Wamemwita Atumani, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenye sauti ya asali. Ameisoma mara mbili! Mama anasema binti alitoa machozi. Maneno yangu, koo la Atumani! Maua hayakutajwa hata moja. Nimekataa kula. Baadaye nimekula, lakini bila hamu.

Jumatano, 8
Atumani naye amepeleka posa. Mnafiki! Jibu ni Ijumaa.

Ijumaa, 10
Nimeitwa baada ya sala. Nikamuuliza mama kama Amisa amekubali. Amisa akaweka mkeka chini. Akasema mji mzima humuuliza mama kama yeye ana njaa, kama ana homa, na sasa kama anataka mume. "Alimasi, miye niko hapa. Nisomee wewe mwenyewe."

Nikasoma. Nikakohoa, nikaruka mstari mzima. Akasema kwa Atumani ilikuwa tamu kama kaswida, kwangu ameisikia kweli. Akaomba karatasi, akapapasa, akauliza vinundu vya pembeni ni vya nini. Maua, nikasema. Akayahesabu kwa kidole: kumi na moja. Kisha akaniambia ndiyo. Akaniambia mimi! Nimelia mbele ya mama mkwe, na sijuti.

Jumamosi, 11
Nimemwandikia barua ya shukrani. Safari hii nimetumia akili: herufi kubwa, kila moja kama kiganja, ili asome mwenyewe bila Atumani. Nimempa mama yake, nikamwomba amuulize kama imempendeza.