Cheti kwa Bei ya Shikamoo

Jumatatu, 4 Machi

Wewe kitinda mimba wangu, najua ipo siku utalifungua daftari hili, na siku hiyo uone haya. Umepotea mno! Mtoto gani anaondoka na sanduku moja, anarudi mara moja kumzika baba yake, halafu basi, simu tu? Simu haina mgongo nikaupapasa. Sasa una mimba huko kwenye baridi, ya tatu, na zile mbili zilizotangulia sitaki hata kuziandika. Safari hii hutakuwa peke yako. Nakuja mwenyewe. Nimeshaamua.

Nimekwenda ofisi ya pasipoti. Wakataka cheti cha kuzaliwa. Nikavuka barabara hadi ofisi ya vyeti. Karani ni binti mwenye kucha ndefu kama vijiko, anabonyeza kompyuta kwa ubavu wa kidole. Akatafuta weee. Akasema bibi, humu haumo. Nikamwambia nimo humu ofisini, nyanyua macho. Akasema hakuna kumbukumbu yoyote kwamba nilizaliwa. Nikamuuliza, kama sikuzaliwa, hii miguu inayoniuma ni ya nani? Foleni nzima ikacheka. Kucha hakucheka.

Anataka shahidi. Awe mkubwa kwangu, awe alikuwepo nilipozaliwa, na akili zake ziwe timamu. Nikamwambia mama amekufa, mkunga amekufa, shangazi zangu wote wamekufa, na kijiji chenyewe kimefunikwa na bwawa. Akauliza, hakuna hata mmoja? Nikasema hakuna.

Uongo. Yupo mmoja. Lakini kumwomba yule? Bora nife bila kuzaliwa!

Jumanne, 5 Machi

Unamjua. Binti Mjomba, mtoto wa mjomba wangu mimi, wa nyumba yenye ukuta wa kijani. Anadai ni mkubwa kwangu, eti alinibeba mgongoni. Mimi niliolewa kabla yake, nikazaa kabla yake, nikafiwa na mume kabla yake. Ukubwa ni nini tena zaidi ya hapo? Tangu tuhamie mtaa huu anasubiri nimwamkie shikamoo, nami nasubiri aniamkie. Hakuna aliyeanza. Tukikutana bombani yeye anakohoa, nami nakohoa. Ndiyo salamu yetu. Wageni wanadhani tunaumwa kifua.

Nimekwenda zahanati daktari anipime umri. Akatazama meno. Yamebaki machache lakini ya kuaminika. Akanigonga goti, mguu ukamrudishia. Akaandika, akapiga muhuri, nikatoka kifua mbele mpaka kwa Kucha. Kucha akasoma kwa sauti: Umri, mtu mzima. Akanirudishia karatasi kwa ncha mbili za kucha, kama anashika panya.

Mtu mzima! Hilo hata mbuzi wangu analijua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata mpango. Na mpango wenyewe ni mzuri!

Mjomba wako, mdogo wangu wa mwisho, yule fundi viatu. Atakuwa kaka yangu mkubwa kwa nusu saa tu. Nani atamdhuru? Nimemkuta kibandani kwake na soli mdomoni. Akaitema, akasema dada, mimi wakati unazaliwa nilikuwa bado sijapangwa. Nikamwambia nyamaza, nani alikufundisha kutembea? Akanyamaza. Ni mtoto mtiifu.

Tatizo ni nywele. Kumbe anazipaka rangi ya viatu! Nyeusi tii, zinang'aa kama buti la askari. Nimemkalisha kwenye beseni, nikamsugua kwa sabuni ya kufulia mpaka akalia. Chini kulikuwa na mvi chache za kijinga, nikaziongezea unga. Ndevu pia. Tukafanya mazoezi: wewe ni nani? Mimi ni kaka mkubwa. Mama alijifungulia wapi? Nyumbani. Nani alikuwepo? Mimi. Safi kabisa. Ana sura ya mzee wa heshima, mradi asipige chafya.

Ijumaa, 8 Machi

Hakupiga chafya! Nataka hilo lijulikane.

Alitangulia, akakaa kwenye benchi mbele ya Kucha, akajibu kila swali kwa sauti nzito. Mimi nilikuwa nje nasikiliza dirishani. Hata mimi nilianza kuamini kwamba alikuwepo nilipozaliwa. Kucha akashika muhuri. Akaita, bibi aingie aweke dole gumba. Nikaingia.

Yule mjinga akaruka kutoka kwenye benchi, akainama, akasema, Shikamoo dada!

Amenisalimia hivyo kila siku tangu aanze kusema. Mdomo wake haujui njia nyingine. Ningeweza kujifanya kiziwi. Ningeweza kuanguka chini. Badala yake mdomo wangu nao ukafunguka wenyewe: Marahaba, mdogo wangu!

Kucha akaweka muhuri chini, polepole. Akauliza tangu lini kaka mkubwa anamwamkia mdogo wake. Fundi akasema kwetu tuna adabu sana. Unga ukamdondokea begani. Kucha akasema nikirudi na mzee mwingine wa kupaka, ataita askari. Nikamwambia aite, nami nitamuuliza huyo askari kama kuna sheria ya kumkamata mtu ambaye hajazaliwa.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda ukuta wa kijani. Usinicheke.

Nikakohoa mlangoni. Akakohoa ndani. Nikaingia, nikamweleza yote. Akasikiliza huku anachambua mchele, hata punje moja haikumponyoka. Akasema atakuja kunitolea ushahidi kwa moyo mmoja. Ila anataka shikamoo yake. Bombani, asubuhi, watu wakiwepo. Na kwa sauti.

Nikamwambia nitampa kuku. Akasema kuku anao. Nikamwambia nitamwamkia hapa hapa, tuko wawili. Akasema hapa nani atasikia, mchele? Nikamwambia yeye ni mkorofi tangu tumboni. Akasema, wewe umejuaje, ulikuwa hujazaliwa. Nikaondoka. Nimeubamiza mlango wake kwa mikono miwili. Hanipati!

Jioni umepiga simu. Ukasema daktari amekuamuru ulale, miguu juu, usinyanyue hata kikombe. Ukasema usijali mama, niko salama. Sauti yako ilikuwa ndogo kama ya siku ile uliyovunja chungu changu ukajificha uvunguni. Sikukujibu vizuri. Nilikuwa namfikiria Binti Mjomba.

Jumatatu, 11 Machi

Imefanyika. Bombani, ndoo zimepangana, wanawake wote wa mtaa wapo, muuza mkaa yupo, hata kinyozi amesimama na mkasi. Nikaweka ndoo chini. Nikasema, Shikamoo, dada.

Akaweka kiganja sikioni. Akasema hajasikia, maji yanapiga kelele. Nikafunga bomba. Nikapiga kelele ambayo mbwa wote waliijibu: SHIKAMOO DADA!

Akasema marahaba, mdogo wangu, akaniwekea mkono kichwani. Kichwani! Kama natoka kunyonya. Kinyozi akapiga makofi. Nimemweka akilini, huyo kinyozi.

Saa nne tukawa mbele ya Kucha. Akamwambia Binti Mjomba aeleze alichokiona. Nilidhani atajisifu. Akasema hivi.

Akasema alikuwa mtoto wa kutumwa maji. Alipoingia na mtungi akanikuta nimeshatoka, kimya, rangi mbaya. Sikulia. Mkunga alikuwa ameniweka pembeni juu ya gunia, kwa sababu mama alikuwa anavuja damu na wa kuokolewa alikuwa yeye. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Binti Mjomba hakuwahi kuwa na mwanasesere. Akaona pale mmoja, hana mwenyewe. Akanifunga mgongoni kwa kipande cha shuka, akatoka nje, akawa anarukaruka kuzunguka nyumba kama anavyoona akina mama wakibembeleza. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, mwanasesere akapiga ukelele mgongoni. Wakamchapa kwanza kwa kuniiba, halafu ndio wakamkumbatia.

Akasema, tangu hapo huyu hajanyamaza.

Kucha akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono. Mimi sikulia. Ofisi zile zina vumbi. Nikamuuliza Binti Mjomba mbona hakuniambia maisha yote haya. Akasema, nilikuwa nasubiri uniamkie.

Kisha tarehe. Kucha akasema wasiojua siku huandikiwa tarehe moja Julai. Nikakataa. Nusu ya wazee wa mji huu wamezaliwa siku moja, kwani mama zao walikaa kikao? Nataka siku yangu mwenyewe. Tukabishana mpaka foleni ikaanza kuzomea. Akaandika tarehe mbili Julai. Nimeshinda!

Na wewe huko, nisikilize. Mtoto akitoka kimya, asiwekwe pembeni. Waambie hivyo hao madaktari wako, kwa lugha yao. Mimi nakuja na shuka.

Jumatano, 13 Machi

Cheti ninacho! Nimezaliwa! Kina muhuri na jina langu. Ofisi ya pasipoti wamekipokea, nimepigwa picha, wamenikataza kucheka, na mimi hata sikuwa nacheka.

Mchana Binti Mjomba amekuja. Anasema mtoto wako ni mjukuu wake pia, na mwakani naye atapanda ndege. Anataka cheti. Kucha amemwambia alete shahidi, mkubwa kwake, aliyekuwepo. Kote tumetafuta, wote wamelala makaburini.

Nikamwambia yupo mmoja.

Kucha anaanza likizo Jumatatu. Atakaa kijana mgeni, mpole, macho mabovu. Nitaapa mimi ndiye niliyembeba yeye mgongoni, nikarukaruka kuzunguka nyumba mpaka akalia. Hadithi ninayo nzima, kwa nini iharibike? Binti Mjomba akasema si juzi tu wameandika humo humo kwamba yeye ndiye mkubwa? Nikamwambia huyo kijana atajuaje, na unga upo. Bei yangu ni ile ile. Bombani, watu wakiwepo, kwa sauti. Akasaga meno kama anatafuna changarawe. Akakubali. Tumejaribu kufanya mazoezi uani. Kila akifungua mdomo anakohoa, na mimi namjibu kwa kukohoa. Mpaka Jumatatu tutakuwa tumezoea.

Nawe siku utakayokuja nyumbani na huyo mtoto, pita nyuma ya ukuta wa kijani, usipite mbele. Shikamoo yake ya kwanza ni yangu. Binti Mjomba akiwahi kuipokea, mrudishe mtoto mlangoni, aingie upya.