Nzi Jambazi na Jeneza Langu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Daktari amesema moyo umechoka. Sawa. Jeneza langu la paini lipo bandani, safi. Lilikuwa safi! Leo nimekuta matundu, na unga wa mbao chini. Wale nyuki weusi wanene wanaotoboa mbao wamehamia kabla yangu.

Rubeni, mwenzangu wa kwaya, kaja kunipa pole. Akaligonga kwa mkongojo. "Mwalimu, hili ni jeneza au filimbi?" Lake ni la mninga, mbao ngumu. Analitaja kila Jumapili.

Aida, mkwe wangu, anashauri mafuta ya taa. Nizikwe nikinuka kama koroboi? Nimefundisha biolojia maisha yangu yote. Yuko nzi jambazi, anayefanana kabisa na nyuki hawa. Humdaka nyuki angani, humchoma kwa mdomo, humyeyusha matumbo na kumfyonza. Watoto wake hula watoto wa nyuki mlemle kwenye matundu. Dawa ndiyo hiyo.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekamata wawili kwenye gogo kavu, kule kijijini Chapwa. Nyuki ana mabawa manne. Nzi ana mawili, na ndevu usoni. Miwani yangu niliikalia juzi, kwa hiyo nimetumia uzoefu. Nimewaachia bandani. Aida akauliza, Baba una hakika ni nzi? Nikamjibu kwamba ndevu nimeziona. Akainamia vyombo kama anayeosha. Haoshi. Anacheka.

Jumamosi, 9 Novemba

Matundu yameongezeka! Majambazi wangu wanatoboa. Sielewi. Nzi hatoboi mbao.

Mchana dude jeusi lenye manyoya likamrukia mmoja wao. Nikalishindilia kandambili. Ushindi! Aida akaniletea miwani ya marehemu mke wangu. Nikatazama. Mabawa mawili. Ndevu. Mdomo ungali ndani ya "jambazi" wangu wa Chapwa, mwenye mabawa manne. Nyuki. Nzi mwenyewe! Alikuja bila kuitwa. Naungama hapa, maana siku zangu ni chache: niliyemuua ni mimi.

Jumapili, 10 Novemba

Aida hana siri. Rubeni kanipa pole mbele ya kwaya nzima, kwa "msiba wa nzi". Hata besi wamecheka.

Moyo unadunda ovyo. Muda hakuna. Kesho narudi Chapwa kukamata wengine. Aida kanikumbusha miwani. Nimemwambia airudishe kabatini. Inanionyesha mabawa mengi mno.