Gari Lisilokata Kushoto

Jumapili, 9 Novemba

Gari limewaka! Watu wakiwa kanisani, nilivuta kamba ya injini na likanguruma. Moshi mweusi. Kuku wote juu ya paa. Mbwa wa jirani hajaonekana mpaka sasa. Mimi, Kombe Ngala, mkulima wa maembe hapa Jilore, nimeunda gari kwa mikono yangu miwili.

Wanaocheka wacheke. Injini ni ya pampu yangu ya maji. Pampu ilikufa, injini ikakataa kuzikwa nayo. Mkono wa kuendeshea na gurudumu la mbele ni vya tuktuk iliyoozea mtaroni. Magurudumu ya nyuma ni ya baiskeli ya mke wangu Priscilla. Tangi ni dumu la mafuta ya kupikia. Breki ni ubao uliopigiliwa kipande cha tairi: unaukanyaga, kisha unasubiri. Kasoro ni moja tu. Halikati kushoto. Kulia linakata kwa adabu kabisa, ila kushoto sharti ushuke ulipige teke gurudumu la mbele. Bahati nzuri, ukitoka kwangu, Malindi iko kulia. Habari za kurudi nitazifikiria nikishafika.

Wala si mchezo. Msimu uliopita dalali hakuja, bodaboda wakakimbia tope, na maembe yangu yakaoza chini mpaka nyani wakayachoka. Nililia kwa maembe yale. Nikaapa hayataoza tena.

Sasa baya. Priscilla alirudi kanisani akakuta jiko halina mlango. Mlango ndio sakafu ya gari. Mbuzi alikuwa ameshaingia jikoni na kumaliza unga. Priscilla akautazama mlango, akaitazama baiskeli yake isiyo na miguu, akanyamaza. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alifunga nguo zake kwenye leso, akasema anakwenda kwao, na atarudi siku mlango utakaporudi.

Atarudi kesho. Namjua.

Jumatatu, 10 Novemba

Hakurudi.

Kwao si mbali. Jogoo wao akiwika namsikia kitandani. Nimechemsha muhogo. Chumvi sijaiona. Nimetafuta hadi ndani ya viatu.

Nilipita karibu na boma la wakwe, kwa bahati tu, mara kadhaa. Tuktuk ya Thuku ilikuwa uani! Thuku ni mtu wa bara, alikuja huku kufanya kazi ya kuendesha tuktuk, hana mke, na anachana nywele kila siku. Alikuwa amempelekea mama mkwe wangu parachichi. Akamshika mkono, akamtazama usoni, wakacheka! Mimi kwa mila zetu simtazami mama mkwe usoni, sikai naye kiti kimoja, na yeye hanitaji jina. Tangu nioe namjua kwa sauti na kwa kisigino. Huyu wa juzi anamshika mkono!

Nikadokezwa na jirani: Alhamisi mkwe anatakiwa hospitali Malindi kwa ajili ya goti lake, na Thuku ndiye atakayempeleka. Atampeleka mama, kisha itakuwaje? Anayembeba mama hakosi kuonwa na binti.

Usingizi umenipaa. Lakini mpango umekuja.

Jumanne, 11 Novemba

Nilisimama nje ya ua wa wakwe, nikakohoa, nikampa Priscilla ujumbe kupitia matundu ya makuti: Alhamisi mama yake nitampeleka mimi, kwa gari langu. Priscilla akauliza gari gani. Nikasema alijua vizuri gari gani.

Akaingia ndani. Nikangoja sana. Kuku wao mmoja alinidonoa kidole cha mguu, nikavumilia. Jibu likaja: mkwe amesema kama ni mkwewe aliyeliunda, atalipanda, maana kumkatalia mkwe ni aibu. Nilitaka kuruka! Priscilla akaongeza lake. Yeye hatakanyaga mlango wake wa jiko barabarani. Mama atapokewa hospitali na Janet, dada yake Priscilla, anayefanya kazi ya hoteli kule Watamu.

Na akasema nimekonda. Alisema kwa hasira, lakini alisema.

Jumatano, 12 Novemba

Siku ya kazi. Gari lina kiti kimoja, nami siwezi kuketi bega kwa bega na mkwe. Basi nimeunda behewa! Mkokoteni wa Priscilla wa kubebea maji, juu yake sofa letu la arusi, limetazama nyuma ili asilazimike kuuona mgongo wangu. Kati yetu, kwenye fremu ya gari, nimetundika pazia la sebuleni. Hata ningegeuka nisingeona kitu. Heshima kamili.

Cha kuungia nilichukua kulabu ya kisimani, ile ya kuopolea ndoo. Ochola, fundi wa kuchomelea pale sokoni, akaniambia kulabu hii imezoea ndoo. Nikamwambia mkwe wangu ni mtu mpole. Akaniuliza upole una uzito gani. Mafundi wengine bwana, wanapenda kuvunja watu moyo.

Limebaki jina. Nimeandika ubavuni kwa rangi nyekundu: MUNGU AKIPENDA. Thuku akapita akasoma, akauliza kama hilo ni jina la gari au ni jibu la abiria akiuliza kama atafika.

Nilikuwa na dawa yake. Nikamwambia kwa upole kwamba miadi ya mkwe imesogezwa mpaka Ijumaa. Tena nikamwambia kesho asubuhi kuna arusi kubwa Ganda, watu wanatafuta tuktuk kama maji. Akanishukuru! Akanipa mkono! Karibu nimhurumie.

Nyumba imekuwa wazi kweli. Hakuna mlango, pazia, sofa wala kulabu. Upepo unaingia utakavyo.

Alhamisi, 13 Novemba

Asubuhi ilianza vizuri. Nilifika kwa wakwe, nikageuza uso. Nikausalimu mkorosho wa uani kwao shikamoo, na mkwe akaitika marahaba kutoka upande mwingine. Sofa likalia, nikajua ameketi. Priscilla alisimama mlangoni kwao amefunga leso ya kijani. Sikumtazama. Nilimtazama kidogo.

Tukaondoka. Mkwe nyuma ya pazia, mimi mbele, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Ni rahisi kusema na mtu usiyemwona. Nikapaza sauti kuishinda injini, lakini kwa heshima. Nikamwambia nala muhogo usio na chumvi kwa sababu sijui Priscilla huiweka wapi. Nikamwambia jogoo wao akiwika alfajiri, najua Priscilla naye amemsikia, na hapo ndipo moyo huniuma zaidi. Hakujibu. Nikajua ananisikiliza.

Tukafika mpando wa kabla ya Ganda. Gari linalia, mimi nasema. Nikaanza: mama, matatizo yote ya nyumba yetu ni kwa sababu ya...

Hapo gari likapata nguvu ghafla! Likaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba. Nikafurahi, injini imezoea mzigo! Na mimi nikapata nguvu. Nikamalizia: ni kwa sababu yako wewe, mama, unayempokea binti yako kila akija na kifurushi. Nikamwambia jogoo wake hana adabu. Nikamwambia pilau ya arusi yetu ilikuwa na mawe na nilivunjika jino. Nikamuuliza parachichi za Thuku zina nini ambacho maembe yangu hayana. Kimya. Nikasema kumbe mwanamke huyu ni mwelewa namna hii! Watu wa Ganda walisimama kando ya barabara wakinyoosha mikono na kupiga mayowe. Nikawapungia.

Nikafika hospitali. Janet alikuwa langoni. Akauliza mama yuko wapi. Nikasema yuko nyuma, nikageuza uso kwa heshima, nikavuta pazia.

Janet akauliza tena mama yuko wapi.

Nikatazama. Barabara. Barabara tupu mpaka mwisho wa macho! Wala sofa, wala mkokoteni, wala mama wa watu. Kulabu imenyooka kama sindano. Nikamwona mkwe chini ya lori. Nikamwona mkwe mtaroni. Nikamwona Priscilla akiniuliza. Nikarukia gari nirudi, na kurudi ni kushoto! Nikashuka nikapiga teke. Nikapiga tena. Walinzi wa hospitali wakaja kutazama. Nilikuwa nalia sasa, sifichi, nalia na kupiga teke gurudumu.

Ndipo tuktuk ya Thuku ikaingia, sofa langu limefungwa juu, mkokoteni unaburutwa nyuma. Ndani kisigino nikijuacho. Sauti ikamwambia Janet asiwe na wasiwasi, yeye ni mzima, na chai ya Ganda ina tangawizi nzuri.

Nilijifunika pazia nikaketi chini.

Ijumaa, 14 Novemba

Sikutoka nyumbani. Ningefunga mlango, lakini sina.

Jogoo wao amewika. Sikula.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeitwa kwa wakwe. Nilikwenda kama mwizi wa mbuzi. Niliketi nje, chini ya dirisha, mkwe ndani. Thuku naye alikuwapo, kwenye kiti, amekunja miguu.

Mkwe akaeleza. Pale kwenye mpando kulabu iliachia, na mkokoteni ukarudi nyuma polepole mpaka kwenye lundo la mchanga la mama muuza chai. Kwa kuwa sofa lilitazama nyuma, akasema, ilikuwa mara ya kwanza safari ile kuona anakokwenda. Kuniita hakuweza, jina langu ni mwiko kwake, basi akapiga makofi. Nami nilikwenda zangu. Watu wa Ganda walimwamkia mmoja mmoja pale kwenye sofa, wakamletea chai.

Kisha akasema Thuku alitokea. Thuku akadakia kwa sauti kubwa kwamba ni Kombe huyu huyu aliyemtuma Ganda siku hiyo, na kwamba hapakuwa na arusi yo... Mkwe akamkatiza. Akasema hayo anayajua, na ndiyo yaliyomgusa: mkwewe aliwaza mbele, akaweka tuktuk Ganda ya kumpokea kama gari litashindwa. Vijana wa siku hizi hawana fikira hiyo, alisema. Thuku akanitazama vibaya sana. Nami nikainamisha kichwa, kama mtu asiyependa kusifiwa.

Halafu mkwe akauliza. Alinisikia vizuri habari za muhogo na chumvi. Alinisikia habari za jogoo, na hapo, ndani ya nyumba, mtu alivuta kamasi, na si mkwe. Lakini nilipofika kwenye matatizo ya nyumba yetu, nilisema ni kwa sababu ya, kisha nikamwacha. Kwa sababu ya nini?

Kuku yule yule akaja kunitazama. Nikayakumbuka yote, mawe ya pilau, jino, jogoo, yote waliyosikia ng'ombe wa Ganda peke yao. Nikasema ni kwa sababu ya kichwa changu mwenyewe, mama.

Mkwe akasema hilo hata yeye alilidhani.

Nilitembea kurudi nyumbani nikijiuliza kama nimemdanganya mama wa watu. Sijapata jibu.

Jumapili, 16 Novemba

Amerudi! Priscilla amerudi! Alikuta mlango mahali pake, nimeupigilia tangu alfajiri. Mkokoteni umerudi kwenye kazi yake ya maji, baiskeli ina miguu yake, pazia limefuliwa, sofa ndani. Kulabu Ochola ameikunja upya, hakusema neno, alicheka tu. Injini na gurudumu la mbele viko chini ya mwembe wetu. Nimemwapia Priscilla, mkono juu ya mlango wa jiko, kwamba sitagusa tena kitu chake. Nimelia kidogo. Naye amelia kidogo. Kisha akanionyesha chumvi. Ilikuwa kwenye kopo lililoandikwa CHUMVI.

Nimeahidi mbele ya Mungu. Mambo ya magari basi. Maembe yataiva baada ya wiki chache, na tutaona.

Priscilla amekwenda kisimani. Hakurudi na leso safari hii. Janet alimpa sanduku la nguo lililoachwa na mgeni pale hotelini. Zuri sana. Chini lina magurudumu manne madogo ya mpira. Nguo zimeshatolewa, limesimama tu mlangoni, tupu, halina kazi.

Nimelisukuma kidogo kwa mguu. Kidogo tu, lipishe njia.

Limekata kushoto lenyewe.