Hayward wa Kwanza na Kondoo wa Winnie

Jumanne, 3 Juni

Asili ya jina letu, wote wanaieleza vibaya. Wote! Kasisi anaieleza vibaya, mwenye baa anaieleza vibaya, na Perce Hayward wa kijiji cha pili, Nether Cott, ndiye mbaya kuliko wote, maana anadai jina letu lilianzia kwao. Kwao! Kijiji ambacho hata bata wakifika wanageuza.

Basi naandika mimi, Reuben Hayward. Shule sikuipenda, nayo haikunipenda, lakini hili nalijua. Zamani hapa mkoani Dorset kulikuwa na mtu wa kulinda nyua za mashamba. Ng'ombe akiingia kwenye ngano, mtu huyo anapuliza pembe, anamkamata, anamfungia kwenye boma la mawe mpaka mwenyewe aje kuomba radhi. Kazi yenyewe iliitwa hayward. Watu wakamwita kwa kazi yake, wanawe wakaitwa hivyo, wajukuu hivyohivyo, hata waliopanda meli za kuvulia chewa wakahamia ng'ambo ya bahari, Newfoundland. Na wa kwanza kabisa alikuwa babu wa mababu zangu, hapahapa Upper Cott. Ushahidi? Boma lipo, karibu na kanisa. Na mimi nipo!

Jumamosi Wahayward wa Newfoundland wanakuja kutafuta chimbuko lao. Wameandika kwamba wanaleta jiwe la ukumbusho, walisimike jina lilipoanzia. Litasimama kwetu. Perce atalia kama mtoto aliyenyang'anywa keki.

Jumatano, 4 Juni

Tatizo. Boma bila mnyama ni rundo la mawe tu.

Nimekwenda kwa jirani yangu, Winnie Gollop. Mjane. Mtu pekee hapa anayecheka nikisema neno, na kila Jumapili ananiletea sahani ya nyama ya kuoka na viazi. Nimemwomba kondoo wake, Blossom, kwa asubuhi moja tu. Akasema hapana. Nikasema nitamrudisha amechanwa nywele. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia marehemu mumewe, Cyril, alimlea Blossom kwa chupa, jikoni hapa, miguuni pa jiko. Sasa ni bibi kizee, magoti yamekwisha. Nitafute mwingine wa kuchezea.

Nikasema sawa. Mdomo ndio uliosema.

Ijumaa, 6 Juni

Perce amepita na baiskeli yake. Akauliza, vipi mzee, boma lina mnyama, au utaingia mwenyewe? Nikamjibu nikiingia mimi, yeye atakuja kuniombea radhi. Akasema atakuja, tena na nyasi mkononi. Akaenda zake anapiga mluzi. Imeniuma.

Nimelisafisha boma, linang'aa kama kipara cha kasisi. Lakini lilikuwa kavu, halina pambo. Nikakata matawi ya ule mti mweusi wa makaburini, usiopukutisha majani, nikayapanga ukutani. Maridadi!

Jumamosi, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Winnie alikuwa kanisani anapanga maua. Nikafungua lango lake. Blossom hakuhitaji hata kamba, alinifuata pua yake mfukoni mwangu anatafuta biskuti. Alitembea taratibu kama bibi harusi. Nikamfungia.

Wageni wakafika, na Perce nyuma yao, kama kawaida ya inzi. Mkubwa wao ni mama mmoja, Marjorie Hayward, mwenye sauti ya kuita mashua. Nikapuliza pembe. Nikawaambia kondoo huyu nimemkamata sasa hivi, karuka ua, kaingia kwenye shayiri, kama vile babu zangu walivyowakamata wa zamani. Wakapiga makofi. Wakapiga picha. Nilikuwa juu, juu kabisa!

Perce akauliza mila inasemaje, hayward akimfungia mnyama, nani anamlisha? Nikasema hayward. Akauliza, umempa nini? Nikageuka ili nimwonyeshe.

Matawi ya ukutani yalikuwa yameliwa.

Kila mtoto hapa anajua mti ule ni sumu kwa mnyama. Ndiyo maana makaburi yamezungushiwa ukuta. Ndiyo maana walinda nyua waliwekwa! Mimi, mzao wa yule wa kwanza wao, nimempelekea kondoo sumu mpaka mdomoni.

Blossom akatetemeka, akakaa chini, akalala. Daktari wa mifugo alipofika alivua kofia tu.

Winnie akaja mbio na maua bado mkononi. Akauliza ametokaje. Mama Marjorie, maskini, akamweleza kwa nia njema: ameruka ua. Winnie akanitazama mimi. Akasema, ameruka? Huyu? Huyu hawezi kuvuka hata kizingiti cha mlango.

Akayaweka maua ubavuni mwa Blossom. Ningefurahi angenitukana.

Nikajaribu kulitaja jiwe. Ndiyo, nilijaribu! Mama Marjorie akaniambia, mzee wangu, wiki hii tumepita vijiji vitatu, na kila kijiji kina boma na Hayward wake wa kwanza. Akasema huenda jina lilichipuka kila palipokuwa na ng'ombe na ua, kama upupu, halina shina moja. Jiwe watarudi nalo nyumbani. Hata Perce hakulipata, na hilo halikunifurahisha kama nilivyotarajia.

Jumapili, 8 Juni

Nilikwenda na koleo kumchimbia Blossom. Nikamkuta Perce yumo shimoni tayari, jasho linamtoka. Hakunitania. Alisema tu, nenda nyumbani, Reuben.

Mchana nilikaa mezani, uma mkononi. Sahani haikuja. Nikala mkate na jibini, mkavu kama hotuba.

Jioni nilimwona Winnie dirishani. Akanipungia mkono. Basi hasira si nyingi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefikiri, nimepata! Winnie anahitaji kondoo mwingine. Perce ana mwanakondoo jike mzuri, na ua wake upande wa mto umelegea, unahitaji kusukumwa kidogo tu. Mwanakondoo akitoka, atakuwa amepotea. Akiwa amepotea, hayward ana haki ya kumkamata. Mila ni mila! Safari hii maji nitaweka, na matawi ya mti mwingine. Nitampelekea Winnie mwenyewe, na utepe shingoni. Atacheka tu. Mtu aliyekupungia mkono hashindwi kucheka.

Ila ule mkono nimeutunga. Alikuwa anavuta pazia.