Mba ya Bati

Donati aliliona gari kabla hajamwona mwenyewe. Ndivyo alivyo: watu huwatazama baadaye, akishaanza kuwakimbia.

Ilikuwa Korola ya zamani, ya buluu, imeegeshwa mbele ya nyumba moja pembeni ya mji wa Mikumi. Madoa meupe yalikuwa yametapakaa kuanzia paa hadi milango. Hilo ni gari la mtu anayeliosha kila siku kwa maji ya kisima ya chumvi, halafu analiacha likaukie juani. Donati alijua kwamba kwa siki na kitambaa madoa yale yangetoka kabla ya adhuhuri. Alijua pia kwamba hajawahi kuhitaji gari kama siku hiyo. Huko Kilosa alikuwa amemuuzia Maduhu, mfanyabiashara wa vitunguu vya Lumuma, dawa ya kung'arisha kirikuu yake ya kubebea mizigo, na dawa ikabandua rangi yote, bati likabaki uchi. Sasa Maduhu na ndugu zake walikuwa wanamsaka tapeli mwenye pikipiki nyekundu. Na Donati, masikini ya Mungu, alikuwa ameikalia hiyo pikipiki nyekundu.

"Hodi wenyewe!"

Akatoka mama mtu mzima, kanga kiunoni, ndoo mkononi. Huyo ni Bi Mwanakheri, bibi shamba mstaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Donati hakukaribia. Alisimama mbali na gari, kiganja puani. "Mama, hii gari imeanza lini kuumwa?"

"Kuumwa?"

"Hiyo ni mba ya bati. Mimi ni daktari wa ngozi za magari, nimetoka Morogoro." Akatikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa safi, hata wewe ungempa pole.

"Makubwa! Itapona?"

"Haiponi. Tena nisikilize vizuri. Usiiwashe, joto linaamsha ugonjwa. Na boneti isifunguliwe, wala fundi asiisogelee. Hewa ikiingia tu, mba inahamia ndani."

Hapo ndipo ufundi wa mtu huyu ulipo. Mwenye gari akiita fundi, fundi atasema madoa ni maji tu, na biashara imekufa. Donati aliupigilia mlango huo misumari mapema.

Bi Mwanakheri akaweka ndoo chini polepole. "Isiwashwe?"

"Usithubutu."

"Boneti isifunguliwe?"

"Hata kwa bahati mbaya."

"Haya, nimekusikia," alisema mama, na uso wake ukatulia kwa namna ambayo mtu makini angeiogopa.

Donati akashusha sauti. "Kwa huruma tu, mama yangu, naweza kukuondolea balaa hili. Nakuachia pikipiki, nzima kabisa, mimi nikaizike hii gari mbali na watu."

"Utaizika wapi?"

"Dodoma."

"Mungu akubariki. Lakini nisije nikabeba dhambi, mwanangu. Fungua kwanza boneti uone mwenyewe unachochukua."

Donati akaruka nyuma. "Mama! Nimesema nini sasa hivi?"

"Basi mimi nimekwambia. Jirani, umesikia?"

Ng'ambo ya ua, jirani yake, Domina, akapaza sauti: "Nimesikia! Kaambiwa afungue, kakataa mwenyewe!"

"Inakula mafuta sana?" Donati akauliza, ili tu aonekane mtu wa kujali.

"Tangu mwaka juzi, hata tone."

Roho ya Donati ikacheka. Wakabadilishana funguo. Bi Mwanakheri, ambaye enzi za kazi alipanda na kushuka milima ya Lumuma na mbegu mgongoni, akakaza kanga juu ya suruali, akapiga kiki, akatokomea njia ya Masanze. Vumbi lake lilikuwa refu.

Donati akabaki na gari, na Domina. Angewashaje mbele ya shahidi gari alilokataza lisiwashwe? Akangoja Domina aondoke. Domina akaleta kigoda.

Basi, kupoteza muda, akatoa chupa ya siki mfukoni mwa begi. Akaichanganya na maji, akafuta doa kwa doa, akasuuza, akakausha kwa kitambaa laini, akapaka polishi kwa kuzungushazungusha mkono. Taa zilizofifia akazisugua kwa dawa ya meno. Adhuhuri ilipofika, aisee, lile gari lilikuwa linawaka! Donati akasimama mdomo wazi. Maisha yake yote alikuwa akiahidi mambo, na hili ndilo la kwanza kutokea kweli. Aliupapasa mlango, machozi yakamlengalenga.

Ndani ya mng'ao wa mlango ule akaona kirikuu isiyo na rangi inasimama barabarani.

Akarukia usukani, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Akatoka, akafungua boneti. Hapakuwa na injini. Palikuwa na kuku anaatamia, naye akamtazama kwa dharau.

"Injini iko Masanze inakoboa mpunga!" Domina akapaza sauti. "Iliuzwa mwaka juzi! Si uliambiwa ufungue?"

Donati akabamiza boneti. Maduhu na ndugu zake walikuwa wameshafika.

"Daktari," alisema Maduhu. "Pikipiki yako tumepishana nayo njia ya Masanze. Mama ametuelekeza."

"Kaka Maduhu! Mungu mkubwa, nilikuwa nakuja kwako! Hii gari ndiyo fidia yako. Itazame ilivyo!"

Maduhu akalizunguka gari, mikono nyuma. Alilipenda, hakuficha. "Nzuri sana."

"Chukua ufunguo."

"Fungua boneti."

"Kaka, boneti ya hii haifunguliwi, kuna..."

Kuku akalia.

Ndugu wakaangua kicheko. Maduhu hakucheka. "Ingia ushike usukani. Sisi tunasukuma."

"Twende wapi?"

"Polisi."

Hivyo ndivyo Donati alivyopita barabara kuu ya Mikumi, ndani ya gari lililong'aa kuliko yote mjini, nyuma yake wanaume wakitweta. Akina mama wa sokoni wakadhani ni bwana harusi, wakampigia vigelegele. Pikipiki imekwenda, uhuru nao unakwenda, geti la kituo lile pale. Donati akachungulia kwenye kioo cha pembeni, akaona viganja vya Maduhu vimegandamana na buti la gari. Hapo uchungu ukamzidi. Akatoa kichwa dirishani.

"Shikeni kwa kitambaa, jamani! Mnaniachia alama za vidole!"