Malalamiko Kuhusu Kiti cha Dada Severina Katika Chumba cha Tausi

Zabroni Chitanda,
Mwalimu Mstaafu na Mteja wa Tausi,
Chiungutwa, Masasi.
14 Januari

Meneja wa Tawi,
Benki ya Nuru ya Kusini,
Masasi.

Ndugu Meneja,

Nimeambiwa wewe ni kijana wa miaka thelathini na minne, kwa hiyo shikamoo yako naihesabu kuwa imeshafika, nami naitikia marahaba ili tuingie kwenye hoja. Huku Chiungutwa tu wazima, mvua imeanza vizuri na palizi ya pili inatungoja. Nisingekusumbua kama si barua yenu ya wiki iliyopita, inayosema kwamba nisipopunguza watu ninaoingia nao katika Chumba cha Tausi ifikapo Ijumaa, nitarudishwa kwenye akaunti ya kawaida. Barua hiyo niliisoma mara tatu, na mara ya nne niliisahihisha. Mmepata thelathini na sita kwa mia.

Ukumbuke tulifikaje hapo. Msimu wa korosho uliopita, dada yangu mkubwa Severina, mwenye miaka sabini na mmoja, aliteremka kutoka Newala kuja kuchukua malipo yake katika tawi lako. Aliingia foleni saa mbili asubuhi, akatoka saa nane mchana. Kesho yake magoti yalikuwa yamevimba, hawezi hata kuinuka mkekani. Niliumia sana. Nikasimama mbele ya ukoo wote nikaapa kwamba dada yangu hatasimama tena katika foleni ya benki maadamu mimi ni hai.

Wiki hiyohiyo nikaletewa kipeperushi chenu cha Akaunti ya Tausi. Chumba chenye kiyoyozi, makochi ya kijani, maji baridi ya bure, afisa wako binafsi. Sharti ni salio lisilopungua shilingi milioni ishirini. Mimi nina pensheni ya ualimu, Ndugu Meneja, wala sina nia ya kukuchekesha. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Msimu huu watu thelathini na saba wa ukoo wetu, wa Chiungutwa na wa Newala, waliweka fedha zao za korosho katika akaunti yangu, zikafika milioni ishirini na laki mbili. Nikapewa kadi yenye picha ya tausi. Siku hiyo nililia, na sioni aibu kuliandika.

Sasa malalamiko yangu.

1. Mnasema Chumba cha Tausi ni cha mteja na mwenza mmoja. Sisi ni mteja mmoja. Fedha zimeingia kwa pamoja, zimekaa pamoja, na hamkuzikataa kwa kuwa zilitoka mifuko thelathini na saba. Nimepiga hesabu: ukijumlisha umri wetu na kugawanya, mteja wenu huyu ana miaka thelathini na moja na miezi mitano, ana miguu sabini na minne, na nusu yake ni Waislamu. Mtu wa namna hiyo haenei kwenye kochi la watu watatu. Nilipendekeza kwa adabu muweke mabenchi, na ninazo barua mbili za kuthibitisha.

2. Kuhusu maji. Kipeperushi kinasema yapo ya bure na hakikutaja kipimo. Ndugu zetu wa Newala walipoona chombo kinachotoa maji baridi, bila foleni, bila kukatika na bila kumngoja mwenye bomba aamke, walifanya ambacho mtu yeyote wa Newala mwenye akili timamu angefanya. Walirudi na madumu. Mlinzi wenu Safari aliwazuia mlangoni wakiwa wameshajaza manne, na la tano likamwagika kwenye zulia. Zulia limekauka. Aibu ya kuitwa wezi wa maji mbele ya watu wa foleni bado haijakauka.

3. Fomu yenu ina sehemu ya wategemezi, imeandikwa “mke na watoto wasiozidi wanne”. Niliikata nikaandika watoto wa dada zangu, kumi na mmoja, wakiongozwa na Anderson. Mkairudisha. Mimi ni mjomba, Ndugu Meneja. Ukoo wetu hufuata upande wa mama, kwa hiyo watoto wa dada ndio wangu: nikifa, wao ndio watakaokaa mbele msibani. Watoto niliowazaa mwenyewe wana mjomba wao, Cecil, kaka wa mke wangu, na kama mna fomu ya ziada mpelekeeni yeye.

4. Hili linaniuma kuliko yote. Kipeperushi kinaahidi afisa binafsi “atakayesimama nawe katika kila hatua ya maisha”. Tulipewa Stella, binti mzuri, mwenye heshima, anaamkia vizuri. Ukoo ulimpokea kwa moyo mmoja. Desemba tukamwalika katika jando la wajukuu saba, hakuja. Tukafiwa na shemeji, tukampelekea taarifa mapema, akajibu kwa simu kwamba pole na je, tungependa mkopo. Palizi ya kwanza tulimtengea jembe jipya, na mpaka leo lipo limeegemea ukuta. Kwa taratibu zetu mtu wa ukoo asiyefika msibani hutozwa kuku wawili. Stella anadaiwa kuku wawili wa msiba na mmoja wa palizi. Kwa kuwa ni mgeni wa taratibu zetu, huyo wa palizi tumemsamehe.

5. Kadi inaniruhusu kupumzika katika ukumbi maalumu wa viwanja vya ndege. Kati ya watu thelathini na saba, aliyewahi kupanda ndege ni sifuri. Hatusemi mtuletee ndege, tunajua uwezo wa tawi lako. Tunaomba ukumbi huo uhamishiwe stendi ya Masasi, upande wa mabasi ya Newala, na juu yake pawe na bati. Aidha, kuna bima ya mizigo inayopotea safarini. Mwezi uliopita jogoo wetu mwekundu alipotea katika basi kati ya Newala na Masasi. Nimejaza fomu. Mahali pa “rangi ya begi” nimeandika nyekundu, na mahali pa “alama za utambulisho” nimeandika kwamba huwika saa kumi alfajiri.

6. Mnataka milioni ishirini zikae miezi mitatu mfululizo, au mteja alete hati ya mshahara wa kila mwezi. Mkorosho hauna mwisho wa mwezi. Unatoa mara moja, kisha unanyamaza mpaka msimu mwingine, nasi tunanyamaza nao. Kwa masharti yenu, mtu wa Masasi anaruhusiwa kuwa na heshima kuanzia Novemba hadi watoto wafungue shule.

Kwa hiyo naomba ukoo wetu utambuliwe rasmi kuwa mtu mmoja, apewe kadi moja, mabenchi manne na siku yake ya kuzaliwa, ambayo tumekubaliana iwe siku ya mnada wa kwanza wa korosho. Na kama makao makuu wataona vigumu kumtambua mtu wa namna hiyo, basi tuonyesheni hiyo benki ni mtu gani, maana nayo ina wenyewe wengi, haijawahi kuonekana ikila, na bado inaniandikia barua na kuniita “Mpendwa”.

Lakini nisikufiche kilicho moyoni. Mabenchi yakishindikana, stendi ikishindikana, jogoo asipopatikana, yote nitameza. Kiti kimoja sitakimeza. Nataka dada yangu akae. Alinibeba mgongoni kwenda shule nilipokuwa na surua, akauza karanga zake ili mimi nipate daftari. Nilimwapia mbele za watu, nami ni mzee sasa, sina viapo vingi vilivyobaki. Ijumaa asinyang'anywe kiti.

Nisalimie Stella, mwambie hatumkasirikii. Msalimie Safari mlinzi, ingawa madumu yetu bado anayo. Wasalimie wahudumu wa madirishani, fundi wa kiyoyozi na wote waliosimama foleni siku barua hii itakapokufikia. Mama Loveness, mke wangu, anakusalimu na anauliza kama umeoa.

Wako katika kusubiri nikiwa nimekaa,

Mwl. Zabroni Chitanda
(kwa niaba yangu mwenyewe, watu thelathini na saba)

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Dada Severina barua hii, maana desturi haituruhusu kumwombea mtu jambo bila yeye kusikia. Alicheka mpaka akashika mbavu. Anasema siku ile hakusimama hata kidogo. Safari alimpa kiti chake cha plastiki kivulini pamoja na kikombe cha maji, na humpa kila akija, bila kuuliza salio. Saa zote zile alikaa akipiga soga na wenzake wa Lisekese na Lupaso, na zamu yake ilipofika aliwapisha wengine mara tatu kwa sababu habari zilikuwa hazijaisha. Magoti yalivimba kwa ngoma aliyocheza usiku ule katika harusi ya Loveness. Nilipokuwa naapa hakutaka kunikatiza kwa sababu, anasema, nilikuwa nahutubia vizuri sana. Chumba cha Tausi hakipendi, kina baridi na hakina wa kuongea naye. Kesho anakuja kuchukua milioni moja na laki tisa zake za ada za wajukuu, na wengine thelathini na watano wanamfuata. Nami nitakuja nao. Tafadhali zipuuze namba 1 hadi 6, na badala yake unitumie masharti ya kukalia kiti cha Safari.