Kuhama kwa Donge na Ushujaa wa Fundi Pancha

Njooni, enyi wenye masikio mawili, na hata wewe uliyebakiwa na moja! Tueni ndoo, zimeni redio, atakaye kukohoa akohoe sasa. Nawasimulia vita vilivyopiganwa chini ya meza ya jikoni, na shujaa aliyevuka barabara na boksi kifuani, hatua sitini na mbili za kwenda, bila hata moja ya kurudi.

Shujaa huyo aliitwa Fundi Pancha, mshinda misumari, bwana wa pampu, baba wa viraka, mwenye mikono isiyotakata kwa sabuni yoyote iliyopata kuundwa. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne. Alikuwa na karakana yake ya baiskeli ng'ambo ya barabara, na nyuma ya karakana chumba chenye dirisha, yalimozikwa matairi yaliyokata roho. Lakini kulala alilala kwa mama yake, katika chumba kilekile alimong'oka meno ya utoto. Na kila asubuhi mama alimwita mara tatu, naye aliitika mara ya nne.

Katika nyumba hiyo walikaa pia paka wawili. Wa kwanza alikuwa Bi Kucha, mwenye madoa, mlinzi wa gunia la mchele, ambaye panya walimtaja kwa kunong'ona. Wa pili alikuwa mwanawe, Donge, mwenye miezi kumi na mmoja na uzito mara mbili ya mamaye, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukamata kitu isipokuwa usingizi.

Basi ikawa Jumamosi moja, saa saba mchana, Donge aliposogeza kichwa kwenye sahani ya mamaye kama alivyozoea siku zote, Bi Kucha akainua mkono, akamzaba kofi.

Donge akatazama kushoto na kulia kujua aliyekusudiwa ni nani. La pili likamfafanulia. Akatimua mbio akajibanza nyuma ya mtungi wa gesi, kiuno na mkia vikabaki nje, maana mtungi haukutosha.

Fundi Pancha akasimama, kijiko mkononi kama upanga, akanena kwa sauti kuu: "Ewe Bi Kucha, binti wa mapaa na mabati! Si huyu uliyembeba kwa ukosi kutoka kabatini, macho yake hayajafumbuka? Si huyu uliyemlamba mpaka akalowa? Leo amekukosea nini hata umtie aibu mbele ya wali?"

Bi Kucha akalamba vidole vyake, kimoja kimoja.

Aliyejibu ni mama, aliyekuwa akisugua sufuria. "Mwache bwana. Amekua huyo."

"Amekua wapi, mama? Mtoto huyu!"

"Mtoto wa kilo sita?" Mama akasuuza sufuria, akaigeuza. "Paka ana akili sana," akasema, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu kuliko mazungumzo ya paka yanavyohitaji.

Hapo kijiko cha shujaa kikashuka chenyewe. Naye, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya nyumba ile, hakuomba kuongezewa. Akaapa moyoni kuwa atamrudisha Donge kwenye heshima yake, kwani aliona wazi kuwa jambo hili likiachwa lizoeleke, halitaishia kwa paka.

Akafungua kampeni ya kwanza, ya sahani mbili. Bi Kucha akakaa katikati, akazilinda zote kama afisa wa forodha. Akafungua kampeni ya pili, ya taulo. Kwa kuwa alisikia kuwa paka hujuana kwa harufu, akawafuta wote wawili kwa taulo moja wapate kunukia sawa. Taulo lilikuwa la karakana. Paka wote wawili wakanuka grisi, wakapatana kwa jambo moja tu, kumchukia yeye, na mikwaruzo saba ikaandikwa mkononi mwake kwa wino mwekundu.

Siku ya nne akaja bwana mifugo, tabibu wa ng'ombe na mbuzi, akisukuma baiskeli yenye tairi lililolala. Fundi akamlalamikia yote.

"Ndivyo walivyo hao," bwana mifugo akasema. "Akishakua, harufu ya utoto inamtoka. Mama hamwoni tena mtoto. Anaona jirani mnene anayekula sahani yake. Asipomsukuma, yule hatajifunza kuwinda maisha yake yote."

"Kwa hiyo hampendi tena?"

"Nani kasema hampendi? Mtafutie mahali pake. Halafu uwaone."

Fundi Pancha akaziba tairi lile, akaliziba vizuri mno.

Alasiri ileile akamtia Donge kwenye boksi. Miguu minne ikawa kumi na mmoja, kila mmoja ukishika ukingo wake. Lakini shujaa akashinda, akafunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akatoka. Mbele yake ilitanda barabara ile ya kutisha: malori yakinguruma, mikokoteni ikigongana, mbwa wa muuza magodoro amelala jicho moja wazi. Hatua ya kumi, boksi likaguna. Hatua ya ishirini, likaloa, na sababu ya kuloa tusiitaje mbele za watu. Hatua ya thelathini na moja, katikati kabisa ya barabara, kitako cha boksi kikafunguka, na Donge akaning'inia kwenye shati la Fundi kwa kucha zote alizojaliwa.

Shujaa akapiga ukelele, asimwachie. Magari yakasimama. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani.

"Vipi kaka, unahama?"

"Ndiyo!" akapaza sauti Fundi Pancha, akikusudia paka. Kisha akajisikia alivyosema. Akazimaliza hatua zilizobaki taratibu, kama mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika.

Donge akaingia uvunguni mwa matairi, akagoma kutoka. Ikabidi matairi yaondolewe, na yalipoondolewa, chumba kikaonekana kuwa chumba. Jioni Fundi akarudi kwa mama yake, akasimama mlangoni.

"Mama, nitalala kule siku mbili tatu. Mpaka Donge azoee."

"Haya, baba," mama akasema. Blanketi alikuwa ameshalikunja, na juu yake ameweka sufuria ndogo na mfuniko wake. Akamnyoosha ukosi wa shati, kisha akageuka upesi kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Siku mbili zikawa tano, tano zikawa kumi. Siku ya kumi na moja Donge akakamata mende, mmoja, mzee, na Fundi akawafungia mlango wateja wawili ili ampongeze ipasavyo.

Hata ilipofika Jumapili, saa kumi na dakika chache, sauti ikasikika nje, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Hodi."

Fundi akachungulia aone ni mteja gani. Alikuwa mama yake, amevaa nguo ya kutokea, kasimama nje ya kizingiti kama mgeni. Bi Kucha alikuwa miguuni pake, kavuka barabara kwa amri yake mwenyewe. Paka yule akaingia, akamnusa Donge pua kwa pua, dunia ikashika pumzi; asimpige. Akala kidogo kwenye sahani ya mwanawe, kwa adabu, akabakiza.

"Hodi jamani, hamsikii?"

"Karibu," Fundi Pancha akasema. "Karibu ndani, mama."

Basi na iandikwe, wajukuu wasome, kwamba siku hiyo alichemsha chai kwa mkono wake, ikawa chungu, na mama akainywa yote. Na kwamba kabla ya kuikanyaga sakafu ile iliyojaa grisi, mama alivua viatu mlangoni.